Shina la Sitini na Nne

Jioni ya Machi, Hombolo, nimepiga magoti shambani
na kibano cha kung'olea nyusi.
Ua la kunde nyeupe bado limefumba.
Nalifumbua mimi, nanyofoa chavua yake ingali mbichi,
nafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo.
Alfajiri narudi na ua la kunde nyeusi,
naligusisha mara moja tu,
kama mtu abishaye hodi asitake nyumba nzima iamke.

Maganda yalipokauka nikayapasua.
Punje nyeupe. Zote.
Chidosa, jirani yangu, akacheka mpaka akapaliwa:
"Sasa huyo baba mweusi yuko wapi?"

Yumo, nikamwambia. Ngozi ya punje
hufumwa na mama. Ni kanga yake,
kamfunika nayo mtoto gubigubi.

Mvua za pili nikazipanda zile nyeupe.
Kila shina likazaa nyeusi, nyeusi ti,
masizi ya chungu cha mlenda.
Chidosa hakucheka. Akaitia punje mdomoni,
akaiuma, akaitema, akasema nimechanganya mifuko.

Mimi nami nilikuwa nikiambiwa:
Sechelela, wewe ni mama yako mtupu.
Kucha, kicheko, hata namna ya kukunja mguu
nikikaa kigodani. Mama alipenda kusikia hivyo.
Alikuwa akiitikia haraka, kabla mtu hajauliza jingine.

Kisha Nyemo wangu akang'oa meno ya utoto,
ya ukubwani yakaota na mwanya katikati,
mpana, unapitisha ncha ya ulimi.
Siku aliyomchekea bibi yake, ungo ulianguka.
"Kama—" Mama alisema, akameza.
Akainama kuokota kunde,
moja moja, mpaka giza.

Mvua za tatu nilipanda punje sitini na nne.
Nilihesabu mashina, maana shina moja
halizai rangi mbili:
arobaini na nane meusi,
kumi na tano meupe, yametoka kusikojulikana
na nguo za nyanya yao,
hayana hata doa la aibu.
Moja lililiwa na mbuzi wa Chidosa
kabla halijatoa ua.

"Andika jeupe," Chidosa alisema, mkono kiunoni.
"Kumi na sita. Robo kamili, hesabu inatimia."
Kweli ingetimia. Daftari lilikuwa pajani,
kalamu ina wino,
na yule mbuzi ng'ambo ya ua akicheua taratibu
jibu langu.

Nikakumbuka fomu ya shule, darasa la kwanza,
Mama amesimama dirishani kwa mwalimu.
Kwenye nafasi ya jina la baba
hakuandika uongo, wala hakuuliza.
Alichora kistari.

Mbele ya sitini na nne
nami nikachora hicho hicho,
kifupi, kimenyooka.