Kumi na Sita

Kabla ya kuingia tuliandikana majina mgongoni
kwa kalamu ya wino mzito inayonuka kama kiwi ya viatu.
Nkwabi aliniandika SISTA TUMPALE,
na chini yake, kwa utundu wake, MKE WA MTU,
maana mle ndani sote tulikuwa macho tu,
na macho yaliyochoka hayana ukoo.

Wodi ya nyuma, Temeke.
Mitungi sita, vitanda kumi na kimoja.
Hesabu hiyo hakunifundisha mwalimu yeyote.
Spana ya kufungulia mitungi ilikuwa moja,
tumeifunga kwa bandeji kwenye mguu wa meza, kama mbuzi,
isije ikatembea kwenda kwa jirani.

Kitanda cha nne alilala Mwinshehe Pazi,
muuza vitenge, Mtaa wa Mchikichi.
Mtu wa maneno, alisema mwanawe pale getini,
lakini kwangu aliyatoa moja moja,
neno, pumzi, neno,
kama anayehesabu chenji asiyoiamini.
Kipimo cha kidoleni: themanini na mbili.
Nikaweka kiganja kifuani, nikatazama saa:
arobaini kwa dakika.
"Mzee, geuka. Lala kifudifudi."
"Sista... mimi... si ng'onda."
"Leo kuwa ng'onda," nikamwambia.
Akageuka.

Usiku wa tatu umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa kuliko wagonjwa, likanyamaza.
Kimya kile sijamsimulia mtu.
Mimi huku, Nkwabi kule,
kila mmoja na mfuko wa kupumulia mkononi,
tukiminya, tukiachia, tukihesabu kwa sauti
ili tusisikie kitanda cha tisa.

Kitanda cha tisa hakikusubiri taa.
Alikuwa binti wa saluni, kucha za buluu.
Jioni ile nilimfuta rangi kidole kimoja
ili kipimo kisome,
naye akanitazama kama nimemharibia kazi ya watu.
Tisa zikabaki na rangi.

Asubuhi mama yake alikuwa getini na chupa ya chai,
ndani yake mchaichai na majani ya mkaratusi,
"ajifukize, mwanangu, kifua kifunguke."
Daktari alikuwa bado njiani.
Nikaipokea.
Ilikuwa ya moto, hata kupitia glovu.

Tandika nilioga uani, gizani, sabuni ya mche,
nguo nikaziloweka kabla sijasalimia.
Mwanangu akachungulia kwenye tundu la kitasa:
"Mama, nionyeshe uso."
Nikainama, nikauonyesha.
Barakoa ilikuwa imechimba mfereji juu ya pua.
"Nani kakung'ata?"

Miezi tisa baadaye nilikwenda Kariakoo,
wifi yangu anaolewa, natafuta sare.
Sauti ilinifikia kabla ya duka:
"Elfu thelathini, dada, nguo haichuji hii, shika, usiogope, shika upindo, angalia nyuma na mbele ni mamoja, hii utavaa wewe, atavaa binti yako, na mwanawe atabebewa humo humo..."
Mkono wangu ukainuka wenyewe, nikatazama saa.
Kumi na sita.
"Una haraka?"
"Hapana."

Hakunijua. Angenijulia wapi?
Nilifikiri kumgeuzia mgongo,
lakini siku hiyo mgongoni palikuwa na maua ya gauni tu.

Mimi kwa bei ni mkaidi, Kariakoo wananijua,
naweza kuondoka mara tatu nikaitwa mara nne.
Siku ile nilitoa thelathini kamili.
Akanitazama kama mtu aliyepewa noti bandia.
"Dada, hata kuomba upunguziwe?"
"Zihesabu tu, mzee."

Akazihesabu mara mbili, kwa sauti,
moja hadi sita,
bila kutua katikati.