Nepi Tano

Alfajiri, Youngstown, barafu kwenye kioo.
Renata anahesabu: nepi tano.
Kituo cha watoto kinadai sita kwa siku;
bila sita mtoto hapokelewi,
mtoto asipopokelewa, zamu ya kiwandani imekwenda.

Kadi ya serikali inanunua maziwa,
mkate, hata jibini.
Nepi haizijui,
utadhani mtoto hula tu, basi.

Jana barua ilikuja, muhuri wa jimbo:
msaada wa nepi, kuanzia Machi.
Aliisoma wima, koti bado mwilini.

Leo ni Januari.
Anagonga kwa Bi. Oleta, ghorofa ya chini,
ambaye mjukuu wake amekwisha kuzoea poti.
"Moja tu."
Bibi anarudi na nusu pakiti.
"Kubwa mno, kama ahadi," anasema.
"Mkunjie kiunoni."