Mavi ya Shaba

Chuo chetu cha serikali kimejengwa juu ya jaa.
Nasema hivi bila kukitukana:
chini ya maktaba, chini ya mikunazi ya bustanini,
limelala lundo jeusi la watu walioyeyusha shaba
kabla Sohar haijapata jina.
Ada hatulipi. Bonde lilishalipa.

Wiki ya kwanza Dokta Ghusun alipitisha jiwe
mkono kwa mkono, safu kwa safu:
zito, jeusi, lina vitundu kama mkate wa kumimina.
Alilitaja kwa Kiarabu, akalitaja kwa Kiingereza.
Lilipofika kwangu ulimi uliniponyoka:
"Haya kwetu ni mavi ya shaba."
Nyuma wakacheka walioelewa,
wajukuu wa Unguja na Pemba, kama mimi.
Dokta akataka tafsiri. Nikatafsiri.
Hakucheka.
Aliandika ubaoni, kwa hati kubwa: MAVI.

Baba, Humud bin Sleyum, alikuwa wa tanuri la pili,
zamu ya usiku, miaka kumi na minane.
Alirudi alfajiri na ladha ya sarafu mdomoni.
Shati lake mama alilifua peke yake,
beseni lake, sabuni yake,
na maji yakatoka kijani
tukayamwaga mbali na mlimau.
Tanuri lilipozimwa alipewa saa ya ukutani.
Haikuwahi kwenda.

Sasa ghala la mawe yake ndiyo maabara yetu.
Dohani wameiacha, wameipaka chokaa;
njiwa hulala humo, wahitimu hupiga picha chini yake.
Nikamleta baba aone.
Mlinzi akamtaka kitambulisho.
Akapapasa mfuko wa kanzu, akakikosa,
akaonyesha mkono:
kovu la tone moja, umbo la kunde.

Ndani alilikuta jiwe kwenye kabati la kioo,
taa ndogo juu yake, karatasi chini yake,
karatasi inasema: la kale sana.
Akaomba kulishika. Akalipima kwa kiganja,
kisha akalilamba.
Dokta kashtuka, mimi nikatazama sakafu.

"Hili si la kale," akasema.
"Hili letu. Mwezi ule tulikuwa tunaharakishwa.
Shaba nyingi imebaki humu."

Muhula huu tunalisaga, tunalipima.
Kila Alhamisi, baada ya isha, baba hupiga simu.
Hanisalimu.
"Imefika ngapi?"