Herufi Moja

Ofisi yetu iko ghorofani, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
juu ya fundi cherehani na muuza vyuma chakavu.
Ngazi ina vidato ishirini na viwili. Najua,
maana Bi Mwanamkasi huvihesabu kwa sauti,
na akifika cha mwisho husema: "Bado ni hai. Andika."

Basi naandika.
Ametoka Muheza na basi la alfajiri,
kikapu cha machungwa mkononi, nami nilishamkataza:
kanuni za shirika, hatupokei zawadi.
Hunijibu kwamba chungwa si zawadi, ni dawa ya kiu.

Mwanawe alichukuliwa Jumanne, dagaa wakiwa jikoni.
Shati la kijani, kiatu kimoja.
Cha pili anacho mama. Amekipiga rangi.

Mara ya kwanza kituoni: hayumo.
Mara ya pili: hayumo, na mwenye funguo kaenda msibani.
Mara ya nne nikaja na barua yenye mhuri
na wakili Kilua aliyevaa tai yake ya harusi,
ndipo daftari likafunguliwa, likanuka ukungu.
Kidole changu kikashuka: Omari, Oswadi, Oza.
Oza Semnguruka.
"Sisi tunamtafuta Hoza."
"Hoza hayumo," akasema afande,
na siku hiyo hakusema uongo.

H.
Haina mfupa herufi hii,
ni pumzi tu, anayoitoa mama
akimwita mtoto kutoka uani.
Mwandishi mwenye haraka huimeza.
Ukiimeza, jina linageuka amri:
oza.
Oza humo ndani, sakafuni, pasipo tarehe.

Miezi kumi na mmoja kuirudisha.
Kiapo, nakala tatu. Cheti cha kliniki kilicholiwa na mende.
Mwalimu wa darasa la nne aliyekumbuka utoro, hivyo akakumbuka jina.
Hakimu akauliza: "Yote haya kwa herufi?"
Kilua akalegeza tai. Akasema, ndiyo, mheshimiwa.

Jana nilikuwa napanga mafaili,
nikasikia ngazini: saba, nane, tisa.
Kisha kimya.
Kisha sauti nyingine, kavu, isiyozoea mwanga:
kumi.

Nikaanza kutafuta kisu cha machungwa.
Kanuni ni kanuni.
Kesho.