Mkono Uliolowa

Barafu iliondoka Alhamisi usiku,
bila kuaga, kwa upepo mmoja wa kusini.
Leo siku ya kumi na moja. Maji bado yanauma vidole,
ila ghuba ya kaskazini, kwenye tope jeusi
na matete ya mwaka jana yaliyovunjika viuno,
jua limekwisha kuingia, limejikalia.
Nimekuja na mashua ya bati ya baba,
ile yenye jina la Odell lililochorwa kwa msumari
kaka yangu alipokuwa na miaka saba na ukaidi wa sabini.

Chelezo hakizidi punje ya mahindi.
Ndoana nimeibana kijino chake kwa koleo
ili ishike bila kung'ang'ania.
Kuna kushika, na kuna kung'ang'ania.
Nimechelewa kujua.

Chelezo hakizami. Kinalala ubavu,
kama mtu aliyesikia akitajwa chumba cha pili.
Navuta.

Shavu-buluu havutani kwa mstari.
Hugeuza ubapa wake, sahani nzima dhidi ya maji,
akazunguka, akazunguka,
na fimbo ikainama kutafuta kitu ilichoangusha.

Kwanza nalowesha mkono, nisimvue ute wake.
Kisha kiganja, toka kichwani kwenda mkiani, kulaza miiba,
kama unavyolaza nywele za mtoto Jumapili asubuhi.
Inchi kumi na robo, kwa kasia nililotia alama.
Kifua, kiini cha yai la kienyeji.
Ukingo wa shavu, buluu ya moto wa gesi.
Na lile doa jeusi nyuma ya jicho, sikio
lisilosikia hata ninaposema, "Mzee, samahani."

Ana miaka tisa huyu, labda kumi.
Mwezi ujao atafagia duara kwa mkia kwenye changarawe,
atalinda mayai, hali, halali,
atafukuza hata kivuli changu.
Ukimtoa, wadogo wanaona kiti kiko wazi:
wanaoa mapema, wanaacha kukua,
na ziwa linabaki na wazee
wa urefu wa kidole.

Hayo tuliyajua baadaye.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama,
na Verlyn Haugsrud alikuwa na kisu.
Picha ingali gereji, juu ya makopo ya rangi:
Mei ya mwaka niliozaliwa, baba na jirani yetu Ojala,
ndoo tatu, mikia imetokeza
kama maua yaliyochomekwa kichwa chini.
Mama aliwakaanga kwa siagi
na biskuti za chumvi zilizopondwa kwa chupa.
Sitasema hawakuwa watamu.
Nilijilamba mpaka kiwikoni.

Namshusha. Hakimbii.
Anakaa ndani ya mkono uliolowa,
anapumua, ananifikiria.
Halafu mkono ni mtupu,
na kijiwingu cha tope kinatawanyika taratibu.

Saa kumi jioni niko kwenye nyumba ya wazee.
Baba haniiti tena kwa jina langu.
Huniita Ardis, dada yake,
aliyezikwa theluji ikiwa magotini.
Lakini nikitamka "ghuba ya kaskazini"
mgongo wake unanyooka kitini.
"Umeleta wangapi?"
"Walikuja saba. Sikuleta."

Anatazama mfuko wangu. Anatazama viatu, tope.
Nangoja ile hasira ya zamani,
hasira ya ndoo tupu.
Anauchukua mkono wangu, anaufungua
kama mtu anayehesabu chenji aliyorudishiwa,
anaunusa. Kwa muda mrefu.
Muuguzi anapita na kigari cha chai, anarudi nacho.

"Mmoja," anasema,
"alikuwa mkubwa."