Kiti cha Baba

Niliileta kwa bajaji kutoka Double Road hadi Rau,
nimeikumbatia kama mgonjwa.
Kilo kumi na tisa. Si maneno ya dukani, niliipima mwenyewe,
mimi ambaye kazi yangu ni mizani:
mwaka wa ishirini huu nakagua mawe ya kupimia kahawa
na sijawahi kuamini namba niliyosomewa na mtu.

Fundi Kiwia alisema iweke popote,
besi haina anwani.
Nikaiweka kona ya televisheni, nikafungulia.
Silingi bodi ikaanza kutetemeka,
kabati la vyombo likasaga meno,
vikombe vya harusi vikagongana kama vimekumbushwa deni.
Na mimi, kitini pangu, katikati ya chumba,
nikasikia upepo tu.
Mtu anakohoa nyumba ya tatu.

"Punguza!" akaita Aikande toka jikoni.
Nipunguze nini, nami bado sijasikia?

Basi nikafanya nilichosimuliwa, cha aibu kidogo:
nikaipakata sabufa, nikaikalisha kitini
pale anapokaa mwenye nyumba,
nami nikashuka, magoti kwenye saruji,
nikatambaa kandokando ya ukuta, sikio mbele,
kama mtu aliyeangusha sindano.
Elinaike, miaka saba, akatambaa nyuma yangu
bila kuuliza tunatafuta nini.
Nyuma ya mlango: nyembamba.
Chini ya dirisha: nyembamba.
Karibu na cherehani: nyembamba, na pini mbili gotini.
Tukazunguka chumba kizima.
Mtoto akaketi, akafuta viganja.
"Baba, labda kiti ndicho kibovu."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.
Ni mara ngapi nimemwambia mkulima aliyefura kwa hasira:
mzee, gunia lako halina kosa, tazama mizani imekaa wapi.

Sabufa ikarudi kona yake.
Nikashika simu yenye kipimo, nikapita hatua kwa hatua.
Kwenye mkeka wa Elinaike, sabini na nne.
Kwenye stuli ya cherehani, sabini na tano.
Kwenye kiti changu, kile chenye mto na kitambaa cha kufuma,
kile asichokalia mgeni,
hamsini na tisa.
Mawimbi yanatoka kuta zote mbili,
yanakutana pale, yanauana pale.
Miaka kumi na moja nimekalia kaburi lao,
nikilalamika humu ndani hakisikiki kitu,
na wao wawili wakitazamana
kwa sababu walikuwa wanasikia.

Nilikiburuta kiti. Kiliacha michirizi minne sakafuni
na mraba wa saruji ambao haujaona jua.
Hatua mbili nyuma, hadi ubavuni mwa cherehani.
Aikande akasogeza stuli kidogo tu, hakusema.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mkono.
Sauti nikaishusha nusu, kisha nusu ya nusu.
Mpaka nikauweka hetsi themanini:
chini ya hapo sema wewe, juu ya hapo waache wadogo.
Swichi ya fezi nikaigeuza, nikairudisha.
Ni msumeno wa watu wawili huo,
wote wakivuta kwa mpigo mmoja, ubao haukatiki.
Aikande akakata vipande vya kitambaa cha sare,
akavipanga kati ya sahani, na kikombe kwa kikombe.
Kabati likafunga mdomo.

Usiku tukaweka filamu moja ya mbali,
watu wamejificha pangoni, mawingu yanakuja.
Haikunguruma. Ilianza chini ya nyayo,
ikapanda na miguu ya kiti,
ikanifikia kifuani polepole kama mtu anayebisha kwa adabu.
Aikande akainuka mbio:
"Mvua! Nguo zangu!"

Tulimsikia uani akivuta kamba.
Halafu kimya kirefu.
Nje anga jeupe, nyota tele,
Kibo peupe bila hata kitambaa cha wingu.

Akarudi, mikono imejaa mashuka makavu.
Alinitazama. Akaitazama kona.
Akanirushia rundo lote mapajani,
"Kunja," akasema,
akaketi akairudisha filamu nyuma
mpaka pale radi inapoanza.