Sauti ya Tatu

Kijana wa duka, Mtaa wa Aggrey, aliniuliza:
"Mama, unataka zenye bezi?"
Bezi ninayo, nikamwambia.
Nina mashine ya kusaga, Tandale,
mkanda wake umri mmoja na kitinda mimba wangu,
toka saa moja asubuhi inanguruma,
na usiku, imezimwa, bado inanguruma humu.
Ninachotafuta ni kimya.
Kimya cha kuvaa,
na ndani yake, wimbo mmoja.

Akacheka. Anaitwa Mkude,
ana ukucha mrefu wa kidole cha mwisho
wa kufungulia vipakiti.

Za kwanza nyekundu, elfu saba,
nyepesi kama ahadi ya mgombea.
Nikachomeka, na Kariakoo yote ikaingia nazo:
dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya,
kipaza sauti hakichoki.
"Hili ni pazia," nikasema. "Nataka mlango."

Za pili ziliziba,
ila mwimbaji aliimba kutoka ndani ya simtanki.

Za tatu Mkude hakuzisifu.
Alinitazama masikio kama fundi anayepima mabega,
akamwaga mipira kiganjani: midogo, ya kati, mikubwa.
"Masikio si mapacha, mama.
Ni ndugu wa baba mmoja tu."
Kushoto mdogo. Kulia wa kati.
Vuta sikio juu, sukuma, achia.

Kariakoo ikafunikwa kama sufuria.
Nikajisikia nikimeza mate.

Nikabonyeza.

Tulirekodi mwaka wa tisini na moja, Magomeni,
kwa maikrofoni mbili za kuazima.
Bendi ilishakufa, hata deni lake limesahauliwa.
Nyuma tulikuwa waitikiaji watatu:
Hidaya, Sikujua, na mimi.
Kiitikio cha pili, mmoja wetu aliingia
gitaa halijamaliza kuuliza.
Kosa la kupepesa jicho. Lakini utepe ulikuwa ghali,
na Mzee Ngulangwa akageuka: nani?
Hidaya akatazama sakafu.
Mimi nikamtazama Sikujua.
Sikusema neno. Nilitazama tu.
Akakatwa posho ya wiki mbili,
naye ana mtoto wa kliniki mgongoni.

Miaka yote hii nimeusikiliza
kwenye redio ya mkulima, spika ya bajaji,
simu yenye kioo cha nyufa,
na sisi watatu tulikuwa uji mmoja.
Nilikuwa na hakika yangu. Niliilea.

Sasa uji umechujwa.
Kulia, Hidaya.
Katikati Sikujua, ametulia,
namsikia anavuta pumzi, anasubiri.
Na kushoto, kwenye mpira mdogo,
mtu anakurupuka, na "z" yake ina kithembe
cha jino lililovunjika
nililong'oa mwaka uliofuata.

Nikarudisha nyuma.
Nikarudisha tena.

Mkude akanichomoa sikio moja,
kunguni, mende na panya wakarudi mbio.
"Zinakuumiza, mama?"
"Zinafaa."
"Arobaini na tano. Lakini tunaongea."
Hatukuongea. Nilihesabu noti,
nikamwachia na mfuko wa mipira iliyobaki,
kisha nikarudi kuufuata, nikiwa nimeshafika kona.

Leo mashine inasaga.
Wateja wananionyesha kwa vidole: debe moja, nusu debe,
koboa kwanza. Naona midomo yao inapanda na kushuka.
Nimevaa, na hakuna wimbo.
Simu iko mfuko wa aproni,
na namba ya Mbagala niliyopewa na shemeji yake,
akisema bado anaimba, kwenye misiba na maulidi.
Naipangusa kioo.
Unga unatua tena juu ya tarakimu.
Naipangusa.